Sensa ya friji: uipime au ubadilishe tu?

Friji ikigandisha mboga au maziwa yakichacha ndani yake, wengi hununua sensa mpya ya joto papo hapo. Ni haraka, na kwa kawaida ni nafuu kuliko bodi (saketi inayoiendesha friji). Lakini kama kosa ni waya uliokatika au feni iliyokwama, pesa imepotea.

Kupima kunataka multimita (kifaa cha kupimia umeme) na subira. Chomoa friji kwenye umeme, toa sensa, itumbukize kwenye maji ya barafu (nyuzi 0), soma omu (kizio cha ukinzani), kisha iache ipate joto la chumba. Nyingi ni za aina ya NTC: baridi ikizidi, ukinzani hupanda. Namba isiposogea, imekufa. Ila inayokosea kidogo tu itakudanganya usipokuwa na jedwali la omu kwa kila joto la modeli yako. Hapo kubadilisha kunashinda.

Sensa imefukiwa ndani ya ukuta wa friji? Ipimie kwenye plagi ya bodi kabla hujabomoa chochote.