Mnyororo wa baiskeli ya injini unakwenda upande? Nunua kwa mpangilio huu

Mnyororo ukianza kuruka meno, wengi hukimbilia dukani kununua mwingine. Hela hiyo mara nyingi inapotea bure, kwa sababu kinachopinda ni spoketi, lile gurudumu la meno linaloshika mnyororo.

Kabla hujatoa hata shilingi, toa mnyororo, inua gurudumu la nyuma, shika bisibisi karibu na meno ya spoketi kubwa, kisha zungusha taratibu. Meno yakisogelea bisibisi na kuikimbia, spoketi imefungwa vibaya. Ikizunguka sawa lakini haiko mstari mmoja na spoketi ndogo ya injini, ifungue uigeuze nje-ndani. Nyingi zina bonde katikati, kwa hiyo mstari unahama bure.

La kwanza kununua, kama unabeba mzigo, ni kishikio cha alumini cha spoketi kinachobana habu yenyewe, yaani kitovu cha gurudumu. Mwenye kupandisha gunia la korosho Newala asijiulize mara mbili: nguvu ya injini inaingia kwenye habu, spoki hazibanwi na spoketi. Ila pima unene wa habu kwa vernia (kipimo cha unene) kwanza. Habu za baiskeli nyingi za mizigo ni nyembamba katikati, na kishikio kilicholegea ni hasara tupu.

Chaguo la pili ni raba mbili mpya za kubania spoketi kwenye spoki, na bolti zake 9, kama zile zinazokuja na injini. Kwa safari za hapa mjini, Chikongola hadi Mikindani, zinatosha kabisa. Kataa raba iliyokatwa kwenye tairi kuukuu. Unene wake haulingani, na spoketi itayumba tena. Kaza bolti kidogo kidogo, ukivuka upande mmoja kwenda wa pili.

Tenshena, kiroli cha kukaza mnyororo, naiweka ya tatu. Kazi yake ni kuondoa ulegevu. Haiwezi kunyoosha spoketi iliyopinda. Chagua yenye beringi kwenye kiroli, na hakikisha imebana fremu barabara. Ikigeuka ukiwa mwendoni huingia kwenye spoki na gurudumu linafunga papo hapo. Tafadhali hili usilipuuze.

Mnyororo ni wa mwisho. Ulizia namba 415. Hatua ya pini hadi pini ni milimita 12.7, na upana wa ndani ni 4.76. Ukipewa 428 wa bodaboda utaona unakaa kwenye meno vizuri, maana hatua ni ileile, lakini ndani una karibu milimita 8, hivyo utacheza kushoto na kulia hata ukinyoosha kila kitu. Kwa chumvi ya bahari ya Lindi na Mtwara, paka oili nyepesi mara kwa mara. Grisi nzito inashika mchanga, na mchanga unazisaga pini.