Kliniki ya ushauri ya vijana huku Eastlands: maswali mazuri, benchi baya

Bei kwanza, maana ndiyo kila mtu huniuliza. Kikao cha kwanza ni shilingi 2,500, vinavyofuata ni 1,500, na unalipa kwa M-Pesa kabla hujaingia. Kadi ya SHA, bima ya afya ya serikali, hawapokei. Kwa sisi tunaouza vipuri Kirinyaga Road, mwezi ukiwa mkavu hizo ni pesa za kuumiza kichwa, na hata ukijaribu kubembeleza, hawapunguzi. Jina la kliniki silitaji kwa sababu mpwa wangu bado anaenda huko na jengo lenyewe ni dogo. Walimu wa ushauri nasaha wa shule za karibu wanaijua, ndio waliotuelekeza.

Mpwa wangu ana miaka 16, yuko Kidato cha Tatu. Alikuja kuishi nasi Umoja kutoka Kakamega baada ya dada yangu kufariki. Mwalimu alikuta maneno ya kutaka kujitoa uhai nyuma ya daftari lake la kemia, akampigia mke wangu simu badala ya kumwadhibu mtoto. Huyo mwalimu namshukuru mpaka leo.

Sasa benchi. Liko kwenye korido, likitazama ngazi, na ghorofa hiyohiyo kuna daktari wa meno. Kila anayepanda anakuona, na wewe unamwona. Mtoto aliyejificha chini ya kofia ya sweta hahitaji kukutana na mama wa mwanafunzi mwenzake aliyekuja kung'olewa jino, na hilo lilitokea. Miadi yetu ilikuwa saa tatu, tukaingia saa nne na nusu imepita. Kuweka pazia tu kungetosha. Nimewaambia, wakaandika kwenye kitabu cha maoni.

Lakini mkishaingia, mambo ni mengine. Mshauri ni mama wa makamo, hana haraka, simu yake ameiweka mbali. Alianza na sote wawili, akamwambia msichana mbele yangu: utakayoniambia yatabaki hapa, ila nikiona maisha yako yamo hatarini nitamwambia mjomba, na nitakujulisha kabla sijamwambia. Nilimwona mpwa wangu akiinua macho kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha nikatolewa nje, nikarudi benchini kwangu.

Zamu yangu ilipofika, swali la kwanza lilinikausha koo: "Mzazi, amewahi kujaribu kujitoa uhai?" Nilimuuliza kama kutamka jambo hilo mbele ya mtoto si kumpa wazo. Akajibu bila kunikemea kwamba utafiti umeliangalia hilo sana, na kumuuliza kijana waziwazi hakumtii wazo kichwani. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Akaongeza kwamba jaribio la awali ndilo dalili nzito kuliko zote, ndiyo maana huanza nalo.

Mimi nilikuwa nimeenda na mshtakiwa wangu tayari: simu. Nilitaka aambiwe aache TikTok tumalize. Mama yule hakuitetea simu, ila alitaka kujua inatumika saa ngapi za usiku, na nani anamwandikia nini. Hapo ndipo yalipotoka ya kundi la WhatsApp la darasa, walikokuwa wakirekodi lafudhi yake na kuirusha ili wenzao wacheke. Halafu akaendelea kuuliza. Msiba umekaa muda gani, na aliruhusiwa kulia? Analala? Anakula? Kuna mtu mwingine kwenye ukoo aliyejitoa uhai? Kuna pombe nyumbani? Mimi na mke wangu tunagombana mbele yake? Amewahi kurudishwa nyumbani kwa karo? Kuna mtu mzima aliyewahi kumgusa vibaya? Hilo la mwisho alinieleza kwamba huwauliza wote, matajiri kwa maskini, kwa sababu dhuluma ya namna hiyo ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari zaidi.

Gari likiletwa kwetu limegoma kuwaka, mteja huja ameshaamua ni betri, na ukifungua boneti unakuta waya imelegea, plagi zimechoka na tangi lina maji. Nilijiona mimi ndiye mteja yule. Hakuna sababu moja. Kuna mambo yanayorundikana: kufiwa, kuhama, kuchekwa, kukosa usingizi, na chini ya yote mfadhaiko ambao hakuna aliyeupima. Na alinisisitizia upande wa pili pia, kwamba vijana wengi sana wana mambo hayohayo na hawajidhuru kamwe, kwa hiyo nisirudi nyumbani kumtazama mtoto kana kwamba ameshahukumiwa.

Kuna jambo alilitaja kwa kupita tu, mimi likanikaa. Wasichana hujaribu zaidi, lakini wanaokufa wengi ni wavulana, na kwa mvulana huzuni inaweza kutoka kama hasira. Nina kijana wa miaka 14 ambaye siku hizi anabamiza milango. Nilikuwa nimemwekea kiboko akilini. Sasa naanza na kumuuliza.

Kitu cha thamani zaidi mlichokilipia hapo ni karatasi moja. Mtoto anaijaza kwa mkono wake: dalili zinazomwambia kwamba hali inaharibika, vitu vinavyomtuliza, mahali pa kwenda, watu wa kuwapigia. Wa kwanza aliandika rafiki wa kwaya, wa pili mke wangu, mimi wa tatu. Sikulalamika. Upande wa chini ni wetu wazazi: dawa zote za nyumbani na chochote cha kudhuru viwekwe chini ya kufuli, kwa sababu ile saa mbaya mara nyingi hupita ikiwa mtu amekosa cha kufikia haraka.

Semina ya wazazi ya Jumamosi inatolewa bure, na nusu yake ya kwanza inafaa bei hiyo. Mgeni alisoma slaidi za Kiingereza: zaidi ya watu 720,000 duniani hujitoa uhai kila mwaka kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, na hiyo ni sababu ya tatu ya vifo kati ya miaka 15 na 29. Akafunga kompyuta akaondoka. Mambo yalichangamka mama mmoja wa Kariobangi aliposimama kuuliza kama akimpeleka mwanawe hospitali baada ya jaribio atakamatwa na polisi. Wengi mle ndani walikuwa na hofu hiyohiyo. Mshauri wetu akaeleza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujitoa uhai kuwa kosa, Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Mpeleke, mama, alisema, tena mbio. Kwa jibu hilo pekee ningesimama hata kwenye ngazi.

Ubaya mkubwa ni saa. Simu yao inazimwa saa kumi na moja jioni na Jumapili wamefunga, wakati mawazo haya huja usiku. Kwenye karatasi wameandika 116 ya Childline Kenya, ambayo ni bure na hupokelewa usiku na mchana, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Hatari ikiwa ya sasa hivi, ni hospitali iliyo karibu, na mtoto haachwi peke yake. Ni sawa, lakini wenyewe pia wangeweza kuweka mtu wa zamu. Tena tulipokosa kikao kwa sababu ya mvua na msongamano wa Jogoo Road, hakuna aliyepiga kuuliza mtoto yuko wapi. Kliniki ya kazi hii haifai kungoja mzazi ndiye apige.

Nilimuuliza mpwa wangu naye atoe maksi. Akasema, "Yule mama hanihurumii sana, mjomba." Alikuwa anasifu.

Kutoka kwangu, nyota tatu na nusu. Ukienda, omba miadi ya saa mbili asubuhi. Daktari wa meno hufungua saa tatu.