Dawa ya kuhifadhi petroli kwenye mashine ya theluji: misimu mitatu nikiitumia

Dawa hii niliinunua kwa hasira. Msimu mmoja kabla yake nilikuwa nimeisukuma mashine yangu ya kuondoa theluji hadi kona ya banda, petroli nusu tangi, nikaitupia turubai, basi. Theluji ya kwanza ilipoanguka nilivuta kamba mpaka bega likauma. Haikukohoa hata mara moja. Fundi alipofungua kikombe cha chini cha kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye injini, aliniita nione: utomvu wa kahawia umeganda humo, unanata kama gundi, na kile kitundu chembamba cha jeti kimeziba kabisa. Petroli haikai. Ile iliyochanganywa na ethanoli huvuta unyevu, na ikishakaa mwezi mmoja, miwili, huanza kuchacha.

Mwaka wa kwanza niliimimina dawa kwenye tangi, nikafunga kifuniko, nikaenda zangu. Mashine ikagoma tena, na nikawa tayari kuipa dawa nyota moja. Kumbe kosa langu. Dawa ilibaki juu kwenye tangi, kabureta ikabaki na petroli ileile isiyo na kitu. Maelekezo yapo kwenye chupa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: ukishaitia, washa injini iungurume kama dakika kumi ili dawa ifike mpaka kabureta. Tangu nianze kufanya hivyo, mashine inawaka mvuto wa pili au wa tatu.

Ila usitarajie dawa ifufue petroli iliyokwisha kuharibika. Inatiwa kwenye petroli mpya, na tangi likikaribia kujaa ndiyo vizuri zaidi, maana nafasi tupu ndani huleta matone ya maji hali ya hewa inapobadilika. Kuna wanaopendelea kumaliza petroli yote, injini ijizimie yenyewe. Hiyo nayo ni njia nzuri, na haikugharimu dawa, lakini kumbuka kulegeza bolti ya kile kikombe umwage yaliyobaki. Hayo mabaki kidogo ndiyo yanayoganda.

Kilichonikera ni kwamba dawa ilinipa kiburi. Injini ikawa inawaka vizuri, nikasahau mashine ina mwili pia. Mwaka wa pili nilikuta mapanga ya mbele, yale yanayozoa theluji, yameshikana kwa kutu na shafti yake, yaani chuma kinachoyazungusha. Hapo kuna hatari, kwa sababu zile pini mbili zinazoyafunga kwenye shafti zimewekwa zikatike mapanga yakigonga jiwe, ili giaboksi ipone. Kutu ikishayaunganisha, pini haina kazi tena na kishindo chote kinaishia kwenye gia. Nilichomoa pini, nikapuliza mafuta ya kulegeza kutu, nikayagonga mapanga kwa nyundo ya mpira karibu mchana mzima ndipo yakazunguka. Siku hizi naosha chumvi ya barabarani, naiacha ikauke, kisha napiga grisi huku nikiyazungusha kwa mkono. Oili ya injini namwaga ingali vuguvugu. Plagi ya kutoa cheche naifungua, natia kijiko kidogo cha oili humo, navuta kamba taratibu, narudisha.

Turubai nimeacha. Lilikuwa linafungia unyevu ndani, na panya wakalipenda, wakajenga kiota chini ya kifuniko cha injini. Sasa nafunika kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Pia nimeihamisha mbali na hita ya maji ya gesi, kwa kuwa mvuke wa petroli na moto wa wazi havikai chumba kimoja.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeikata kwa sababu ya chupa: kila nikipima dawa, nyingine inachuruzika ubavuni, na harufu yake haitoki kwenye glavu.