Mosin-Nagant M91/30 ya 1943: chuma kizuri, bei ya kujadiliwa

Bunduki hii ya kijeshi ya Kisovieti, ya kiwanda cha Izhevsk nchini Urusi, niliyoinunua katika duka la silaha kuukuu nchini Marekani, ilikuwa imegubikwa na grisi nzito ya ghalani, jambo ambalo si kasoro hata kidogo, kwa kuwa grisi hiyo ndiyo iliyoukinga mtutu dhidi ya kutu kwa miongo mingi. Mikwaruzo ya mashine iliyoachwa kwenye chuma ni ya kawaida kwa silaha zilizoundwa kwa haraka ya vita. Namba za utambulisho za komeo (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu) na za mtutu zinalingana, ila ile ya komeo iligongwa upya wakati wa ukarabati wa Kisovieti. Kwa hiyo muuzaji hakustahili kudai bei ya bunduki yenye namba zake za asili. Mifereji ya ndani ya mtutu inayoizungusha risasi, kwa bahati nzuri, bado ni mikali.