Risiti Ilifutika, Duka Likaniambia Karatasi Yangu Haina Kitu

Naandika nikiwa bado na hasira, na msomaji anivumilie pale zitakapozidi. Friji nililonunua katika duka moja kubwa la vifaa vya umeme hapa Dar es Salaam liko jikoni kwangu mpaka leo na linapoza vizuri, na ningeulizwa habari za friji peke yake ningelisifu. Lakini mtu akilipia friji katika duka la namna ile analipia pia ahadi ya miaka miwili kwamba likiharibika wapo watu wa kulitengeneza. Ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya niyapite maduka ya Kariakoo, ambako friji la aina ileile lilikuwa na bei nafuu, nikaenda kulipa zaidi kwenye duka lenye kiyoyozi na wafanyakazi waliovaa sare.

Sikulinunua kwa ajili ya maji baridi. Ninaishi Tandika na mama yangu, ambaye ana kisukari cha miaka mingi na anachoma insulini. Chupa isiyofunguliwa inatakiwa ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, isigande wala isipate joto. Ile inayotumika ndiyo inayoweza kukaa nje, mahali pasipo na joto kali, kwa takriban wiki 4. Mama hupewa chupa kadhaa kwa mkupuo, na zikiharibika hakuna anayemrudishia. Kaka yangu aliyeko Mwanza alichanga nusu ya fedha, tukalinunua mwaka juzi, siku chache kabla ya Ramadhani. Vijana waliolileta walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, wakamwamkia mama, wakalisimamisha na kutuagiza tusiliwashe kwanza mpaka litulie. Nililisifia duka lile kwa watu wengi, na jambo hilo linaniuma sasa, kwa sababu jirani yangu mmoja naye alikwenda kununua palepale kwa kuamini maneno yangu.

Mwaka uliofuata, katika miezi ya joto, umeme wa mtaani kwetu ulikatika na kurudi kwa kishindo mara tatu katika usiku mmoja. Asubuhi nilipofungua friji nilikuta taa inawaka, lakini siagi imeyeyuka na kuwa mafuta. Nyuma palikuwa pakilia "ta", kisha kimya, na baada ya dakika chache "ta" tena. Nilizipeleka dawa za mama kwa jirani, nikarudi kutoa risiti kabatini bila wasiwasi wowote, kwa kuwa nilijua nilipoiweka: ndani ya mfuko wa plastiki wa kutunzia nyaraka, pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya watoto.

Ilikuwa nyeupe. Niliigeuza nikidhani natazama upande wa nyuma, na upande wa pili nao ulikuwa mweupe. Nilipoisogeza dirishani niliona kivuli cha mistari miwili na nusu ya tarakimu ambayo ingeweza kuwa 3 au 8. Baadaye nilielezwa kwamba risiti za mashine za EFD, yaani mashine za kielektroniki za kutolea risiti za kodi, hazichapwi kwa wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka rangi inapopata joto la mashine, na maandishi yake hufifia kwa joto, kwa mwanga, kwa mafuta ya vidole, hata kwa kugusana na baadhi ya plastiki. Ule mfuko nilioona ndio hifadhi bora kuliko zote huenda ndio ulioifuta. Sikuambiwa hivyo siku ya kununua, na wala kijitabu cha waranti, ambacho kimeandika kwa herufi nene kwamba mteja sharti aje na risiti halisi, hakisemi neno hata moja kuhusu jinsi ya kuitunza.

Nilianza kwa kupiga simu. Niliambiwa nibonyeze 1 kwa Kiswahili, nikabonyeza, nikasikiliza muziki mpaka salio likakwisha, nikaongeza salio na kusikiliza muziki uleule. Habari za simu siziongezi hapa, kwa kuwa kila mwenye simu anazijua. Kilichonifanya niandike kilitokea kwenye meza yao ya huduma kwa wateja, nilipoamua kwenda mwenyewe.

Nyuma ya meza alikaa binti ambaye, kwa umri, ningeweza kuwa nimemfundisha. Nimefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 20. Hakuniamkia. Simdai mtu shikamoo yake, lakini hakusema hata "karibu". Nilimweleza shida yangu tangu mwanzo, habari za dawa za mama zikiwamo, naye alinyoosha mkono bila kuinua macho, akaipokea ile risiti, akaiinua juu kuelekea kwenye taa kama mtu anayekagua noti ya bandia, kisha akamgeukia mwenzake na kumwonesha. Walicheka. Akaiweka mezani, akaisukuma kuja kwangu kwa ncha ya kucha, akasema, "Mama, karatasi hii haina kitu. Ungeitunza."

Nilimjibu kwa upole, na upole ule sasa naujutia. Nilimwambia, "Mwanangu, nimeitunza, tena ninyi ndio mlionipa." Nilimwonesha ujumbe wa muamala kwenye simu yangu, wenye jina la kampuni yao, kiasi nilicholipa na siku niliyolipa. Akasema meseji si risiti. Nilimwomba anitafute kwenye kompyuta kwa namba yangu ya simu, maana siku ya kununua waliichukua, na tangu hapo hawajaacha kunitumia matangazo ya punguzo la bei. Alijibu kwamba mfumo hauruhusu. Hakugusa hata kitufe kimoja. Kompyuta ilikuwa mbele yake imewashwa, mikono yake imelala juu ya meza, na akili yangu ilikataa kuelewa jinsi mfumo unavyoweza kukataa jambo ambalo haujaulizwa. Nilipouliza ninaweza kumwona nani, alinyanyua shingo, akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu: "Anayefuata."

Nirudi kwenye haki kidogo, maana sitaki kumwonea mtoto wa watu. Inawezekana amekatazwa kutafuta kumbukumbu bila risiti, na inawezekana mshahara wake ni mdogo na saa zake ni nyingi. Wajanja wanaojaribu kutengenezewa vitu walivyonunua kwingine nao wapo, na duka lina sababu ya kujilinda. Yote hayo nayakubali. Ila hakuna kanuni ya kazi iliyomtaka acheke.

Kwa siku kumi na kitu tuliishi kwa mtungi. Muuguzi wa kliniki alitushauri tuweke chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati tujaze mchanga na kuumwagia maji, chupa inayotumika ikae humo ikiwa imefunikwa. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Lakini hewa ya Dar es Salaam ina unyevunyevu, maji hayakauki upesi, na baridi yake ni ya kubahatisha. Chupa zilizofungwa ziliendelea kukaa kwa jirani. Mama alikuwa akiamka usiku kuumwagia maji ule mchanga, kwa kuogopa kwamba nimelala. Ninapomkumbuka ameinama na kikombe chake pale ukumbini, kila neno la heshima ninaloliandaa kwa ajili ya kampuni ile hunitoka kichwani.

Mwishoni nilimwita fundi wa mtaani. Alisikiliza ule mlio mara moja tu. Akaniambia kwamba kifuniko cha nyuma kina stika ya kampuni, akiifungua waranti inakufa, nami niamue. Nilimwambia afungue. Alichomoa rilei, kile kidude kidogo kinachoisukuma kompresa ianze kuzunguka, akakitikisa karibu na sikio langu: ndani kilisagika kama mbegu kavu. Kompresa ilikuwa nzima. Aliweka rilei nyingine, akanitoza shilingi 25,000 pamoja na ufundi, akanishauri ninunue kifaa cha kulinda friji umeme unapoyumba, na jioni ile barafu ikaanza kushika.

Hapo ningeweza kunyamaza, lakini kaka alikumbuka kwamba siku ile ya kununua nilimtumia picha ya risiti kwa WhatsApp aone fedha yake ilivyotumika. Picha ilikuwapo kwenye simu yake, inasomeka yote, pamoja na namba ya uhakiki. Niliingiza namba ile kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, na risiti yangu ikatokea: jina la duka, siku, saa na bei. Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na tangu hapo tunahimizwa: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nilidai, nikapewa, na serikali inayo kumbukumbu yake. Waliokuwa hawaijui ni wauzaji wenyewe.

Nilirudi dukani nikiwa nimeichapa. Safari hii nilipelekwa kwa msimamizi, naye alinipokea vizuri mno: aliniamkia, akanipa kiti na maji, akasikiliza mpaka mwisho, akaomba radhi kwa niaba ya yule binti. Kisha akauliza kama friji limefunguliwa. Sikumdanganya. Akasema kwa masikitiko kwamba, kwa kuwa stika imekatwa, waranti haipo tena, na fedha ya fundi hawawezi kunirudishia. Nilitoka nikijisikia nafuu kwa sababu ya adabu yake, hata nikafikiri kulisamehe duka lote. Nilipofika kituo cha daladala ndipo nilipotambua kwamba nimekataliwa vilevile. Kwamba kama ile kompyuta ingeguswa siku ya kwanza, stika isingekatwa kamwe. Nikiwa bado nimesimama pale, uliingia ujumbe wao ukiniomba niipe huduma alama kuanzia 1 hadi 5. Niliipa 1. Nyumbani nilitaka kuifanya 2 kwa ajili ya wale vijana waliovua viatu, na sasa nikisoma upya niliyoyaandika naona hata hiyo 1 ilikuwa nyingi.

Barua ya malalamiko kwa Tume ya Ushindani nimekwisha kuiandika, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamhusu pia mlaji, na tume hiyo ndiyo inayoisimamia. Shilingi 25,000 nimezitaja, lakini hazikai juu ya orodha. Ninachotaka kwanza ni wauzaji wa vitu vyenye waranti walazimike kutafuta kumbukumbu ya mauzo kwa namba ya simu ya mteja kabla ya kumkatalia, na wamwambie siku ya kununua kwamba risiti itafutika.

Jana nilikwenda kwa yule jirani aliyenunua kwa maneno yangu, nikamwomba risiti yake. Imeanza kufifia pembeni, ila namba ya uhakiki bado inasomeka. Tuliipeleka pamoja kwenye duka la vifaa vya ofisi, ikatolewa kopi mbili, moja akabaki nayo yeye na moja nikaja nayo kwangu.