Nilinunua Redio Isikilize Moto, Ikasikiliza Hoteli

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kungoja ipoe, kwa kuwa kiangazi hakijakwisha na upepo wa kaskazi ungali unavuma. Redio ninayoizungumzia ni ile ndogo ya mkononi ambayo walinzi wa mahoteli hutembea nayo kiunoni, na niliinunua katika duka moja la vifaa vya umeme mjini Malindi. Sifa zake zimeandikwa kwenye boksi, atakaye na azisome. Langu mimi ni moja tu, nalo linahusu alasiri ambayo redio hii iliniacha kiziwi huku moto unatujia.

Tunaishi ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa Gede. Msitu huu una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na majani yanapokauka hakukosekani mkono wa kuuwasha: mchoma makaa aliyeliacha tanuri lake, mrina asali aliyetupa kijinga cha moto, au mkulima anayesafisha shamba bila kutazama upepo. Kikundi chetu cha kuhifadhi msitu kina watu wanaozunguka humo ndani na redio, kwa masafa yenye leseni, na kazi yangu ni kusikiliza nikiwa nyumbani, kuandika daftarini moto uko wapi na unaelekea wapi, kisha kuzipigia simu nyumba zilizo njiani mwake. Simu peke yake haifai huko ndani, kwa sababu mtandao hupotea, na mtu anayepiga moto kwa matawi mabichi hana nafasi ya kutafuta namba, ilhali kwa kubonyeza kitufe kimoja cha redio humfikia kila anayesikiliza.

Dukani niliomba chaneli mbili tu: ya kikundi, na ile chaneli 16 ya baharini ambayo vyombo huitia msaada, hiyo ya pili niwe naisikiliza tu, kwa sababu ndugu yangu ni mvuvi. Nilieleza kinagaubaga kwamba ya kikundi iwe ndiyo ya kipaumbele, yaani redio, hata ikiwa inasikiliza kwingine, iwe inarudi kuichungulia kila mara. Muuzaji akaniambia tayari, nikalipa, na kwa muda niliisifu redio hiyo kwa kila aliyeniuliza. Sauti yake ni safi. Asubuhi ya siku ile ile ndiyo iliyonipa habari ya moshi kabla mtu yeyote hajaandika neno kwenye kundi letu la WhatsApp, na hilo siwezi kulikana.

Alasiri upepo ukageuka. Redio ikasimama kwenye chaneli ambayo sikuiomba, ya hoteli moja ya ufukweni, na haikutoka tena hapo. Nikamsikia mtu akiagiza taulo za bwawa la kuogelea, mwingine akiuliza ufunguo wa stoo uko kwa nani, kisha taulo tena. Redio inapozungusha chaneli husimama penye sauti na huendelea pale tu panaponyamaza, na hoteli ile haikunyamaza. Nikabonyeza ili niirudishe kwenye chaneli yetu, vitufe vikagoma, kwa kuwa muuzaji alikuwa amevifunga kwa nambari ya siri bila kuniambia. Nikaizima na kuiwasha, ikarudi kule kule. Wakati huo huo, kama nilivyokuja kusimuliwa, mwenzetu mmoja alikuwa akirudia kwenye chaneli yetu kwa sauti iliyokauka: "Moto umegeukia mashambani, waambieni watu watoe mbuzi."

Ujumbe huo uliletwa kwangu na mtoto wa jirani, mbio, akihema. Watu walisalimika na mbuzi pia, alhamdulillahi, lakini jiko la jirani yangu lililoezekwa makuti liliteketea kwa cheche zilizobebwa na upepo, kabla moto wenyewe haujafika kwenye ua wake.

Nilipoirudisha redio dukani nilikwenda na risiti na kwa heshima zote. Nikamwambia, "Mwanangu, naomba uifungue tuitazame sote." Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Akasema, "Kwani mama, wewe ndiye zimamoto? Moto ukija utauona."

Moto ukija utauona! Anayelala chini ya makuti anajua kwamba akishauona amekwisha kuchelewa. Huko Lahaina, katika kisiwa cha Maui nchini Marekani, mji mkongwe wa pwani uliungua Agosti 2023, ving'ora vya tahadhari vilivyokuwepo havikulizwa, na watu wapatao 100 walikufa. Nao moto waliuona. Walichokosa ni neno la mapema, na neno hilo ndilo nililolilipia katika duka lile.

Fundi mmoja wa Gede aliiunganisha redio na kompyuta na kunionyesha kilichofanyika: muuzaji alinakili orodha nzima ya chaneli za mteja mwingine, akaimimina ndani ya redio yangu, na kipaumbele hakukiweka kabisa. Fundi alifuta zisizotuhusu, akaweka kipaumbele na kuifungua vitufe, na tangu hapo inafanya kazi vizuri kuliko hata nilivyotarajia. Nilikuwa nimeamua kuwaambia msiinunue. Sasa nalazimika kusema kwamba chombo chenyewe hakina hatia, na anayekaa karibu na msitu atafaidika nacho. Lakini nikilitazama lile jiko hasira inanirudia, na naona haki ni kuwaambia wenzangu wasiikanyage ile duka hata kwa kununua betri. Mkinunua kwingine, msitoke mlangoni kabla muuzaji hajawasha redio ya pili na kuzungumza kwenye chaneli yenu huku nyingine ina kelele, nanyi mkasikia kwa masikio yenu, na awape hiyo nambari ya siri kwa maandishi.

Fundi nilimlipa kutoka mfukoni mwangu. Pesa hiyo nitakwenda kuidai dukani, na safari hii nitakwenda na jirani yangu.