Ramani ya Risk: umbo liko vizuri, kuisoma ndo shughuli

Watu wakiisifia au wakiiponda Risk, ile gemu ya bodi ya kuteka dunia kwa majeshi, huwa wanaongelea dadu, mi leo naongelea bodi yenyewe, yani ile ramani, maana hiyo ndo unayoilipia hasa. Dadu na kete unaweza kuokoteza popote, ila ramani ikiwa mbovu hamna namna utairekebisha watu wakiwa katikati ya vita. Na kama una mpango wa kuchora ramani yako ya gemu ya kuteka maeneo basi ichambue hii kwanza kabla hujashika penseli, sio kwamba haina kasoro, inazo, tena nyingine za kukera.

Gemu ilitoka Ufaransa mwaka 1957, aliibuni Albert Lamorisse ambae wengi wanamjua kwa filamu, afu Parker Brothers wakaitoa Marekani 1959. Mpaka leo ramani ya kawaida ina maeneo 42 kwenye mabara 6, na kwa miaka yote hiyo haijachokwa, kwa hiyo kuna kitu walikipatia.

Walichopatia ni milango. Hapo ndo utamu wote ulipo. Kila bara lina bonasi ya majeshi ukilishika lote, ila unachopaswa kuhesabu sio maeneo mangapi yako ndani, ni mangapi yanapakana na nje, maana hayo ndo utakayokesha unayalinda. Australia ina maeneo 4, bonasi 2, na mlango mmoja tu, Indonesia kwenda Siam. Amerika Kusini nayo maeneo 4 bonasi 2 ila unalinda sehemu mbili, Venezuela na Brazil. Afrika 6 bonasi 3, unalinda tatu. Ulaya 7 bonasi 5 unalinda nne, Amerika Kaskazini 9 bonasi 5 unalinda tatu tu, na Asia 12 bonasi 7 unalinda tano. Ukiangalia hivyo unaelewa kwa nini anaeijua gemu hakimbilii Asia hata kama bonasi yake ndo kubwa, atashika yote saa ngapi, na akishika jirani yeyote akimchomoa eneo moja tu bonasi imeyeyuka.

Sasa hesabu ya Australia ndo inanichekesha kila siku. Kanuni inasema kila zamu unapata majeshi kwa kugawa maeneo yako kwa 3, ila hushuki chini ya 3. Mtu mwenye Australia peke yake, maeneo 4, anapata yale 3 ya chini kabisa jumlisha bonasi 2, anakua na 5. Mwenye maeneo 15 yaliyosambaa dunia nzima bila bara lolote, 15 gawa kwa 3, nae anapata 5! Yani huyu anapigwa kila upande na yule kajichimbia kwenye kona na mlango mmoja, afu wanalipwa sawa. Hilo mi naliona ni kosa la ramani kabisa, wala sio ujanja wa mchezaji. Kwenye ramani yako ukiweka kona ya hivyo basi ipe bonasi 1, au ifungulie mlango wa pili, vinginevyo kila mchezo utaanza na watu kugombania kona hiyohiyo na wengine wanasubiri wamalizane.

Sehemu inayoiangusha ramani hii ni kuisoma. Mipaka ya nchi kavu haina shida, unaona maeneo mawili yamegusana basi, ila baharini wametumia vimistari vya kuonyesha wapi unavuka, na pale Mediterania vimebanana, Afrika Kaskazini inaenda Ulaya Magharibi na pia Ulaya Kusini, na Misri nayo inaenda Ulaya Kusini, mgeni anaviangalia anadhani ni mapambo tu. Alaska na Kamchatka ndo balaa zaidi, zinapakana kwa kuzunguka nyuma ya dunia, moja iko ukingo wa kushoto na nyingine ukingo wa kulia, na nakuhakikishia kwenye kila meza yenye mchezaji mpya kuna mtu atashambuliwa kutokea huko na atasema kaibiwa. Kuna hata toleo lilichapwa bila mpaka wa Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati, kwa hiyo walioanza na bodi tofauti wakikutana ni ubishi tu. Kimstari kimoja hicho kikikosekana Afrika inakua rahisi zaidi kulinda, sio kitu kidogo.

Hapo ndo namkubali Allan Calhamer na Diplomacy yake ya 1959, gemu nyingine ya bodi ya kuteka maeneo. Bahari kwake ni maeneo kamili yenye majina na meli zinakaa humo, jumla maeneo 75 na 34 kati yake ndo vituo vya kugombania, na Uswisi kaifunga kabisa hapitiki. Huhitaji vimistari. Ramani yake inatisha kwa mara ya kwanza lakini ukiuliza hapa napita au sipiti, jibu unaliona.

Ukubwa nao. Risk inafuata jiografia mno, Siberia ina nafasi ya kutosha kuegesha jeshi zima wakati Great Britain kete zikizidi kidogo zinamwagikia jirani, na Ulaya ndo vita vinapokolea. Eneo linatakiwa liwe kubwa kulingana na kete zitakazokaa, kilomita achana nazo. Rangi wamejitahidi, kila bara na yake, ila kwa wanaochora naomba msichanganye mambo, mwaka 1976 wanahisabati Appel na Haken walithibitisha kwa msaada wa kompyuta kwamba rangi 4 zinatosha ramani yoyote bila majirani kufanana, sawa, lakini hiyo ni ya kutenganisha majirani na kwenye gemu rangi inakusanya maeneo ya bara moja, kazi tofauti kabisa. Na msitegemee nyekundu na kijani peke yake, kuna watu kibao hawazitofautishi, ongezeni alama au mpaka mnene.

Kitu kingine nakiona sana kwenye ramani za kujitengenezea, maeneo manne yanakutana kwenye nukta moja, afu watu wanabishana kama ya mshazari yanagusana. Sogeza mstari kidogo tu yaishe. Na kabla ya kuremba na milima na meli, chora viduara na mistari peke yake kwenye karatasi tupu, kila eneo kiduara, kila njia mstari, kama mistari inapishana hovyo pale basi hata msanii hodari hatakuokoa.

Maksi zangu: umbo 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa ajili ya Australia, kusomeka 2 na nusu. Kununua nunua, ila kabla hamjagawa maeneo mmoja wenu apitishe kidole kwenye kila kimstari cha baharini akikisoma kwa sauti, aanze na Alaska.